Kampala hadi Bunyonyi kwa Mwendo wa Mlaji

Wengi wanaokwenda Ziwa Bunyonyi kutoka Kampala hupanda basi la usiku, wakalala wameegemeza vichwa kwenye vioo, kisha wakaamshwa alfajiri mjini Kabale na baridi ambayo hawakuitarajia katika nchi inayopitiwa na Ikweta. Kwao zile kilomita zipatazo 420 ni kero ya kuvumiliwa tu ili likizo ianze. Mimi na mke wangu tumezoea kufanya kinyume chake: tunaondoka asubuhi, tunaikata njia vipande vipande, na mahali pa kulala tunapachagua kwa kuuliza jiko la hapo linapika nini na alfajiri mtu akifungua mlango ataona nini. Makala haya yanahusu njia hiyo ya Masaka, Mbarara na Kabale, na nimeyaandika nikiwafikiria zaidi ndugu zetu wa Kenya na Tanzania ambao hudhani kwamba Uganda ni sokwe wa milimani tu, na kwamba asiyekuwa na fedha za kibali cha kuwaona hana la kufuata huku.

Neno la kwanza ni kuhusu mchana wenyewe. Barabara hii ndiyo inayobeba malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, na usiku, mvua ikinyesha, haina huruma kwa dereva mgeni. Mwezi Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga, na magari yakalazimika kuzunguka mbali sana kupitia Gomba na Sembabule. Tangu wakati huo mimi huuliza hali ya njia kabla ya kufunga mizigo, hasa katika miezi ya mvua, yaani kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Novemba. Anayetaka kukaa ziwani bila wasiwasi wa mvua aende Juni hadi Agosti, au baada ya Krismasi.

Kifungua kinywa kisiliwe hotelini. Kokote utakapopita kutoka Kampala kuna kijana mwenye kikaango na jiko la mkaa, naye atakukaangia mayai mawili pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba, ayaweke juu ya chapati na kuikunja. Hiyo ndiyo rolex ya Uganda, chakula cha wanafunzi na waendesha bodaboda ambacho siku hizi hata hoteli kubwa zimekiiga, ingawa kwa maoni yangu zinakiharibu kwa kukiweka kwenye sahani na kukipa uma. Rolex huliwa kwa mkono, ikiwa bado inaunguza vidole.

Ukishapita Mpigi utafika Mpambire, ambako wachongaji huanika ngoma kando ya barabara, kubwa kwa ndogo, zilizowambwa ngozi ya ng'ombe. Mbele zaidi, yapata kilomita sabini na kitu kutoka Kampala, ndipo Kayabwe, mahali barabara inapouvuka mstari wa Ikweta. Kila mtu hupiga picha ndani ya zile duara mbili nyeupe, nami sina neno na hilo. Ila yule kijana anayemimina maji katika mabeseni matatu, akaonyesha kwamba upande wa kaskazini maji huzunguka kushoto, upande wa kusini huzunguka kulia, na juu ya mstari hushuka moja kwa moja, anacheza mchezo wa mikono. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia huzipinda dhoruba kubwa, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kuyaamrisha maji ya beseni, tena kwa umbali wa hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mlipe kwa ufundi wake, maana anao.

Kutoka hapo barabara inateremka hadi kwenye kinamasi cha Lwera, ambacho kiko karibu na Ziwa Viktoria. Kinamasi hiki kimeumizwa sana na uchimbaji wa mchanga na kilimo cha mpunga, na anayelijua eneo hili kwa muda mrefu huona tofauti hiyo hata akiwa ndani ya gari. Wauza samaki bado wapo, wameshika sato na kambale waliopitishwa kamba mdomoni, na wanunuzi huwafunga samaki hao mbele ya gari ili upepo uwapoze hadi nyumbani. Anayeendelea na safari hana haja ya samaki mbichi. Yeye asubiri Lukaya. Hapo, gari likisimama tu, madirisha huzingirwa na wachuuzi wenye mishikaki ya nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, mapaja ya kuku ya kuchoma, na gonja, yaani ndizi tamu zilizoiva na kuchomwa polepole mpaka zikawa na rangi ya asali. Nyama hununuliwa kwa macho: chagua ile inayotoka kwenye makaa muda huohuo, wala usione haya kumwambia muuzaji arudishe mshikaki motoni. Gonja haina la kuogopa, na kwangu ndiyo bora kuliko nyama yote ya pale.

Usiku wa kwanza ninapendekeza ulale Ziwa Nabugabo, mwendo mfupi kutoka mji wa Masaka kwa barabara inayoelekea Bukakata. Nabugabo lilikuwa sehemu ya Ziwa Viktoria hadi ukingo wa mchanga ulipolitenga maelfu ya miaka iliyopita, na kwa sababu ya kutengwa huko wamo samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Malazi yake si ya fahari. Kuna mabanda ya matofali, vyumba vya kawaida na viwanja vya kusimika mahema kwenye nyasi zinazofika ufukweni, na tumbili ambao hawakawii kuingia mezani mara tu unapogeuza kichwa. Siku za Jumamosi na Jumapili vijana wa Masaka na Kampala huja na vipaza sauti vyao. Siku za katikati ya juma ufuo unakuwa kama umeukodi peke yako. Agiza chakula saa mbili kabla ya kuhisi njaa. Jambo hili ni la kweli katika nyumba nyingi za wageni za nchi hii, kwa kuwa mpishi mzuri haanzi kukaanga mpaka aagizwe, na samaki mzima aliyekaangwa vizuri, mwenye ngozi inayokatika kama kaukau, hapikwi kwa dakika kumi. Mwenye nafasi zaidi anaweza kuendelea hadi Bukakata na kuvuka kwa kivuko cha bure hadi Luku, katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ssese, lakini hiyo ni safari yake yenyewe na sitaki iimeze hii.

Masaka ndipo pa kula chakula cha Buganda kwa utulivu. Matoke ya hapa humenywa, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, huwekwa kwenye sufuria juu ya vikonyo vya majani hayohayo na kupikwa kwa mvuke, kisha hukandwa yakiwa bado ndani ya majani yake na kurudishwa motoni hadi yawe laini na ya manjano. Pamoja nayo omba luwombo. Hiyo ni nyama, kuku au mchuzi wa karanga wenye samaki wa kukaushwa kwa moshi, iliyofungwa kimoja kimoja ndani ya jani changa la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lilainike, ikaiva kwa mvuke bila tone la mafuta. Inasimuliwa kwamba ilibuniwa katika jiko la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Kifurushi hufunguliwa mbele ya mlaji, na ule mvuke wa kwanza wenye harufu ya moshi na jani ndio sehemu ya chakula ambayo hakuna mkahawa wa mjini Kampala unaoweza kukupa kwa kukupashia kiporo. Ukipita mwezi Novemba utakuta pia senene, wale wanaojulikana sana na watu wa Bukoba, wakinaswa usiku kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha ndani ya mapipa, na mchana wakiuzwa wamekaangwa kwa chumvi na kitunguu. Waganda wa ukoo wa Nsenene hawawali, kwa kuwa huo ndio mwiko wao. Wengine wote hupigania foleni.

Baada ya Masaka nchi inabadilika. Migomba inapungua, nyasi zinaongezeka, na huko Lyantonde, mji ambao malori husimama na ambako Kiswahili kinasikika katika kila mgahawa, unakuwa umeanza kuingia katika nchi ya ng'ombe. Sioni sababu ya mtalii kulala Lyantonde, isipokuwa giza limemkuta njiani. Basi anywe chai ya maziwa na kuendelea hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo.

Mburo ni hifadhi ndogo, ya kilomita za mraba zisizofika 400, na wapo wanaoidharau kwa sababu haina tembo. Kwangu hiyo ndiyo fadhila yake. Kwa kuwa hakuna tembo wa kutisha njia zote, mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, au hata kupanda farasi, katikati ya pundamilia, pofu na swala pala, wanyama ambao ni shida kuwapata wote pamoja katika hifadhi nyingine yoyote ya Uganda. Twiga waliletwa mwaka 2015 kutoka Maporomoko ya Murchison, nao wamezoea vizuri migunga ya hapa. Mchana kuna safari ya mashua ziwani, ya kutazama viboko, mamba na tai wavuvi. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mgeni kutoka mbali, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti isisahaulike nyumbani.

Kuhusu malazi ya Mburo kuna mambo mawili yasiyoafikiana. Nje ya mpaka wa hifadhi, juu ya vilima, zipo loji nzuri zenye mandhari ya kupendeza, mabwawa ya kuogelea na bei inayolingana na hayo. Ndani, pale Rwonyo, Mamlaka ya Wanyamapori ina mabanda ya kawaida na uwanja wa mahema, na ngiri hula nyasi mlangoni kwako kana kwamba wewe ndiye uliyewavamia. Mimi nitachagua Rwonyo kila mara, ingawa nakubali kwamba mke wangu, ambaye hupenda maji ya moto yasiyosuasua, ana hoja. Anayelala ndani asitoke usiku bila tochi na bila kuita askari, kwani viboko hutoka majini kwenda kula nyasi gizani, na kiboko akikuta mtu amesimama kati yake na maji hana subira.

Sasa nafikia chakula ambacho kwa maoni yangu peke yake kinatosha kumfanya mtu asafiri. Kilomita chache kabla ya Mbarara, mahali panapoitwa Biharwe, kuna Kituo cha Utamaduni cha Igongo, chenye jumba la makumbusho la watu wa kusini-magharibi, hoteli, na mkahawa unaoandaa vyakula vya Ankole kwa heshima inayostahili. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, umesimamishwa mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe lililowateka, giza likaingia mchana, askari wakaona ni laana, wakakimbia na kuwaacha ng'ombe hao mikononi mwa watu wa Nkore, yaani Ankole ya leo. Panda mnarani ukitaka, lakini usichelewe mezani.

Agiza eshabwe. Ni siagi ya ng'ombe iliyotunzwa, ambayo huoshwa kwa maji baridi na kupigwa kwa mkono pamoja na magadi na chumvi, polepole, mpaka ule umanjano wake unapotea na kuwa rojo jeupe, zito, lenye kung'aa. Haipikwi. Huliwa baridi, na mlaji humega tonge la kalo, yaani ugali wa ulezi unaoletwa ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko, akalichovya. Ladha yake ya kwanza ni ya chumvi, kisha unakuja utamu wa maziwa uliojificha, na mwisho kuna ukali kidogo unaomfanya mtu arudie tonge. Wapo wageni wanaosukuma bakuli pembeni baada ya tonge moja, wakiona ajabu mchuzi baridi. Siwalaumu, bali naona wanaiharakia hukumu. Katika harusi za Ankole eshabwe ni chakula cha heshima, na mama anayejua kuipiga bila kuikatisha husifiwa kijiji kizima. Kando yake kuna nyama iliyokaushwa kwa moshi na maziwa ya mgando, na ng'ombe wenyewe, wale wenye pembe ndefu zinazopinda kuelekea mbinguni, unaweza kuwaona malishoni kutoka barabarani ukitoka hapo.

Mbarara ni mji wa kujaza mafuta na kutoa fedha benki. Ntungamo ni wa kupita. Kisha barabara inaanza kupanda, vilima vinakaribiana, na kando ya njia maembe na mananasi yanawaachia nafasi kabichi, karoti na viazi mviringo. Unapofika Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sweta uliyoidharau Kampala inakuwa rafiki.

Ziwa Bunyonyi liko umbali wa chini ya kilomita kumi kutoka mjini, nyuma ya mlima. Mara unapoufikia ukingo, unaliona lote chini yako, limejipenyeza kati ya vilima vilivyokatwa matuta ya mashamba hadi kileleni, likiwa na visiwa 29. Lilipatikana pale lava ya volkano ilipoziba bonde la mto. Mabango mengi na waongozaji wengi watakuambia kwamba kina chake kinafika mita 900 na kwamba ni la pili kwa kina Afrika nzima. Vipimo vinazungumzia takriban mita 40. Nilipomwuliza mzee mmoja aliyetuvusha kwa mtumbwi, alicheka na kujibu kwa Kiswahili safi cha mpakani kwamba yeye anachojua ni kuwa kamba ya nanga yake haijawahi kutosha. Ziwa hili linasifika kwa kutokuwa na kichocho, mamba wala viboko, na watu huogelea humo bila woga, mradi mtu awe mwogeleaji kweli, kwa sababu ufuo hauna mteremko wa pole: hatua mbili tu na ardhi haipo tena.

Swali kubwa la Bunyonyi ni kama ulale ufukweni au kisiwani. Pale Rutinda, barabara inapoishia, kuna nyumba za wageni za kila bei, bodaboda, baa na mtandao wa simu usiokatika, na anayekuja kwa usiku mmoja hana haja ya kwenda mbali zaidi. Anayekaa zaidi ya hapo avuke. Visiwani yapo mabanda ya mbao yaliyoezekwa kwa nyasi, mahema ya kudumu yaliyopandishwa juu ya vigingi, na vyumba visivyo na ukuta wa mbele ambamo mtu hulala akitazama maji, akiwa na chandarua tu kati yake na usiku. Umeme mara nyingi ni wa jua, maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni na kuletwa kwa ndoo ukiagiza, na fedha taslimu zinahitajika kwani mashine za benki ziliishia Kabale. Mashua ya injini hufika upesi. Mtumbwi wa kuchongwa kwa gogo la mkaratusi ni wa bei nafuu na hauna kelele, ila mgeni akijaribu kuupiga kasia peke yake utamzungusha mahali pamoja kama pia, na watoto wa ufukweni hawachoki kulitazama jambo hilo.

Chakula cha hapa ni kamba wa maji baridi, wanaovuliwa ziwani na kupikwa kwa mchuzi wa vitunguu na binzari, au kuwekwa ndani ya parachichi. Pamoja nao huja viazi vya Kigezi, yaani nchi hii ya Kabale, ambavyo ndivyo vinavyoliwa Kampala pia lakini huku huwa vimechimbwa jana. Kinywaji chake ni bushera, uji mwembamba wa mtama ulioota na kuchachuka kidogo, lakini wenye kushibisha. Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, kikombe cha bushera ya moto kinafaa kuliko kahawa, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa kahawa.

Waongozaji watataka kukupeleka Akampene, kisiwa kidogo chenye mti mmoja au miwili ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa, au waokolewe na mwanamume asiyekuwa na ng'ombe wa mahari. Sipendi hadithi hiyo inavyosimuliwa kwa mzaha ili wageni wacheke. Kisiwa cha Bwama kinastahili muda mrefu zaidi: hapo daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha mwaka 1931 makazi ya matibabu ya wagonjwa wa ukoma, na majengo yake leo yanatumiwa na shule, kwa hiyo utawakuta wanafunzi wakipiga makasia kwenda darasani. Ziara za kwenda kuwaona Batwa, wakazi wa asili wa misitu ya huku, wakicheza ngoma nimeziacha. Watu hao walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na kuwalipa vishilingi ili waruke mbele ya kamera hakunifanyi nijisikie vizuri. Kama unakwenda, nenda na mwongozaji ambaye ni Mtwa mwenyewe, na ulizeni mapema malipo yanamfikia nani.

Panga kuondoka siku ya Jumatatu au Ijumaa. Siku hizo ni za soko la Rutinda, na tangu asubuhi mitumbwi huja kutoka visiwani na ng'ambo ikiwa imejaa viazi, maharage, mtama, kabichi na mbuzi waliofungwa miguu. Bei ya gunia la viazi hapo ni nafuu, na madereva wa teksi za kurudi Kabale hawalalamiki kulibeba mradi lilipiwe kama abiria.